Kwenda Kew na jicho la mwenye kitalu

SWALI: Mimi ni mama wa Malindi, nina kitalu cha miche kando ya barabara ya Gede. Binti yangu ni muuguzi London na ameniita nikamtembelee mwezi wa Agosti. Amesema atanipeleka kwenye bustani kubwa ya mimea ya Kew. Nimefurahi, lakini Kiingereza changu ni cha kuombea maji, magoti hayaniruhusu mwendo mrefu, na nasikia kiingilio chake si haba. Kuna la maana nitakaloliona huko, au ni maua ya Wazungu tu? Na je, naweza kurudi na mbegu?

JIBU: Dada yangu, nenda, tena nenda kwa moyo mkunjufu. Ukiyaondoa mageti na majumba yake ya vioo, Kew ni kitalu. Watu wake huamkia kazi ile ile unayoamkia wewe: kuatika mbegu, kuhamisha miche, kuchunga maji, kuwinda wadudu chini ya majani. Wageni wengi hupita wakipiga picha za maua, wakatoka bila kujua walichokiona. Wewe unayejua jinsi mche unavyonyong'onyea ukikosewa maji siku mbili utaona mengi kuliko wao, na kwa kazi hiyo Kiingereza cha kuombea maji kinatosha.

Bustani ilianzishwa mwaka 1759 na Augusta, mama yake Mfalme George wa Tatu, kwenye kipande kidogo cha viwanja vya kifalme. Mwaka 1840 ikawa ya taifa, na mwaka 2003 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Leo ina hekta 132, zaidi ya ekari 320. Kwa magoti yako hilo ndilo la kuliweka mbele: usijaribu kuimaliza. Hata kijana mwenye miguu mizima hutoka jioni hajafika nusu. Nitakupangia njia fupi, na nitakwambia vya kuviacha.

Kazi ya kwanza ifanyie Malindi. Keti na daftari, andika mimea kumi au kumi na mitano unayoijua kama watoto wako, kisha mbele ya kila mmoja andika jina lake la kisayansi. Mwarobaini ni Azadirachta indica. Mnazi ni Cocos nucifera, mkorosho ni Anacardium occidentale, mkwaju ni Tamarindus indica, mvinje ni Casuarina equisetifolia. Usiiache ya harufu: mlangilangi ni Cananga odorata, asumini ya vikuba ni Jasminum sambac, na mkadi uko katika kundi la Pandanus. Ile uliyokwama, pita kituo cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, pale Gede uwaulize. Wao majina hayo ndiyo lugha yao ya kila siku. Kew hutakuta kibao cha Kiswahili hata kimoja, lakini majina haya ya kisayansi hayabadiliki kuvuka bahari, kwa hiyo daftari lako ndilo litakalokusomea bustani.

Sasa vibao vyenyewe, maana ndivyo wageni wanavyovidharau. Kila mmea uliopandwa rasmi una kibao chake, cheusi, kidogo, maandishi meupe. Jina la kisayansi liko katikati, na kuna jina la ukoo wa mmea na nchi au eneo la asili yake. Pembeni kuna namba ndefu. Tarakimu nne za mwanzo za namba hiyo ni mwaka mmea ulipoingia bustanini. Ukiona imeanza na 1969, ujue mmea ule, au mama yake uliokatwa kipandikizi, uliingia mwaka huo. Kama ulikusanywa porini, utakuta pia herufi na namba za mtu aliyeukusanya, na kwa namba hiyo wanaweza kurudi kwenye kumbukumbu zao wakakwambia ulichimbwa bonde gani na nani. Simama mbele ya kibao kimoja usome kila herufi kabla hujaendelea. Halafu fikiria kitalu chako: mwembe ule wa kuunga ambao wateja wanaugombania, unajua kikonyo chake ulikikata kwa nani, mwaka gani? Mimi naamini kibao ndicho kitu cha thamani kuliko vyote utakavyoviona Kew, na kukiiga hakugharimu zaidi ya kipande cha bati na msumari wa kuchorea.

Njia yako ni hii. Panda treni ya District ushuke kituo cha Kew Gardens, halafu tembeeni polepole hadi geti la Victoria, dakika chache tu. Ukiingia, ng'ambo ya bwawa utaona jumba refu la vioo lenye mgongo wa duara. Hilo ndilo Palm House, lililojengwa kati ya 1844 na 1848 na Decimus Burton, msanifu majengo, na Richard Turner, fundi wa chuma kutoka Dublin. Nguzo za katikati hazikutakiwa zizibe nafasi ya miti, kwa hiyo Turner alikopa ufundi wa waunda meli. Ukiinua kichwa ukiwa ndani utadhani umesimama chini ya jahazi kubwa lililopinduliwa, mataruma yake yote ya chuma yakiwa wazi. Aliyewahi kuona majahazi yakiundwa Matondoni, kule Lamu, ataelewa jengo hili haraka kuliko profesa wa usanifu.

Jumba hilo lina mpango wa kufungwa kwa ukarabati mkubwa utakaochukua miaka kadhaa, pamoja na jumba dogo la mayungiyungi lililo ubavuni mwake. Binti yako aangalie tovuti ya Kew kabla ya kukata tikiti. Wakikwambia yamefungwa, usiahirishe safari. Anzia kwenye jumba la tatu nitakalolitaja chini.

Likiwa wazi, ingia kwa upande wa kusini, maana huko ndiko Afrika iliko. Katikati ni Amerika, na kaskazini ni Asia na visiwa vya Pasifiki. Joto litakukumbusha Malindi baada ya mvua ya kusi: miwani itaingia ukungu, na simu yako pia, kwa hiyo ipe dakika kumi kabla ya kupiga picha. Hapa ndipo daftari lako litakapoanza kuitikiwa. Utakutana na mnazi, mkahawa, mpira, mchikichi, mkakao, na mikadi yenye mizizi ya kusimamia iliyoshuka kama ile ya kwetu. Utamkuta pia yule mmea mdogo wa maua ya waridi yenye petali tano unaojiotea mchangani kwetu, na ambao watu huupanda uani bila kuufikiria: Catharanthus roseus, wa asili ya Madagaska. Kutoka kwenye majani yake zilipatikana dawa mbili za saratani, vinkristini na vinblastini, na vinkristini ni moja ya dawa zilizogeuza saratani ya damu ya watoto kuwa ugonjwa unaotibika kwa wengi. Binti yako muuguzi bila shaka anaijua chupa yake. Muoneshe mmea wenyewe.

Lakini mmea wa kukaa nao hapo kusini ni mmoja. Uko ndani ya sanduku kubwa la mbao, shina lake limelala upande na kushikiliwa na miguu ya kuegemezea, na kichwani ana kishungi cha majani magumu kama ya mtende. Ni saikadi, Encephalartos altensteinii. Francis Masson, mkusanya mimea wa Kew, aliuleta kutoka mashariki mwa Rasi, Afrika Kusini, mwaka 1775. Umekuwa ukiishi ndani ya chombo tangu hapo, karibu robo milenia, na unatajwa kuwa mmea wa chunguni wenye umri mkubwa kuliko yote duniani. Una urefu wa zaidi ya mita 4, na kwa mwaka huongezeka kiasi cha sentimita mbili na nusu tu. Kwa miaka yote hiyo umetoa koni, kiungo cha uzazi kinachoshika nafasi ya ua, mara moja tu Kew, mwaka 1819, na Sir Joseph Banks, aliyekuwa ameisimamia bustani kwa miongo mingi, alikuja kuiona akiwa mzee, mwaka mmoja kabla ya kufa. Mwaka 2009 walimhamishia kwenye sanduku jipya.

Angalia namna alivyoegemezwa. Shina halikufungwa kwa kamba ya kukata ngozi; limebebwa. Angalia udongo ulivyofika kwenye shina na usivyopita pale. Angalia kwamba hawajakata kichwa ili awe mzuri wa macho. Kwetu saikadi anayo ndugu yake, Encephalartos hildebrandtii, wa misitu ya pwani yetu na makaya, na wewe unajua wazi jinsi anavyotafutwa na wenye mahoteli. Wote wa kundi la Encephalartos wako kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, maana kuwavusha mpaka bila kibali ni kosa zito. Anayekuletea saikadi kubwa usiku, mizizi imekatwa, amemtoa msituni. Mmea unaoongezeka sentimita mbili na nusu kwa mwaka haurudi katika umri wa mtu.

Ukitoka kwa mlango wa kaskazini, hatua chache tu, kuna jumba dogo la mraba lililojengwa mwaka 1852 kwa ajili ya mayungiyungi makubwa. Wakati wa baridi hufungwa, lakini Agosti ndio mwezi wake. Ni dogo, lina joto kuliko yote, na katikati ni bwawa la duara. Majani makubwa ya duara yenye kingo zilizosimama ni ya Victoria. Chini yana miiba, na ua lake hufunguka usiku wa kwanza likiwa jeupe, wa pili likiwa limegeuka waridi. Jambo litakalokugusa kama mwenye kitalu ni hili: yungiyungi hilo huatikwa upya kutoka mbegu kila mwaka. Mmea uliojaza bwawa Agosti, mwanzoni mwa mwaka ulikuwa mbegu ndogo majini.

Na lina kisa. Kwa muda mrefu wataalamu walihesabu aina mbili tu za Victoria. Mfanyakazi wa Kew, Carlos Magdalena, mtu wa mikono yenye udongo, alikuwa akiangalia picha za mmea wa Bolivia na kusema huyu si kati ya wale wawili. Bustani za Bolivia zikampelekea mbegu, akaziotesha pembeni ya nyingine, na tofauti ikaonekana kwa macho. Mwaka 2022 ikatangazwa aina ya tatu, Victoria boliviana, ambayo jani lake hupita mita 3 kwa upana. Walipotafuta kwenye hazina ya mimea mikavu ya Kew wakakuta sampuli yake ilikuwa imekaa mle miaka 177, imeandikwa jina la mwingine. Hazina hiyo ina sampuli kama milioni 7 na wasomi wa kila nchi huitegemea, lakini aliyeigundua tofauti ni aliyezoea kuutazama mmea ukiwa hai, chipukizi baada ya chipukizi. Unapomwambia afisa wa kilimo kwamba mhogo wako huu si sawa na ule, usikubali kunyamazishwa haraka.

Hapo pumzika. Viti viko kila mahali, na magoti yakikataa kabisa bustani huazimisha viti vya magurudumu. Aulize binti yako mapema. Chakula bebeni chenu, maana kula kwenye majani kunaruhusiwa, na mahamri na sambusa za nyumbani zitakushibisha kuliko mkate wa mkahawani, tena bila kuumiza mfuko. Adhuhuri ya Agosti kule huingia saa saba na dakika chache. Weka mswala mwepesi mkobani; nyasi ni safi na uwanja ni mpana, na hakuna atakayekusumbua chini ya mti.

Baada ya hapo mwende pole pole upande wa kaskazini hadi jumba la Princess of Wales, lililofunguliwa mwaka 1987. Hili halina uzuri wa Palm House kwa nje. Limejichimbia ardhini, paa lake limekatwa kwa pembe. Ndani kuna hali kumi za hewa, zote zikiendeshwa kwa mitambo, kwa hiyo unafungua mlango mmoja ukiacha jangwa na kuingia msitu wa mvua. Kwenye upande wa ukame utawakuta mishubiri na mikonge, watu wako hao. Tazama changarawe waliyotandika juu ya udongo, tazama maji yanavyopitiliza. Miche ya kwetu mingi ya aina hiyo hufa kwa wema wa mwenye mpira wa maji.

Katika jumba hilo muulize mhudumu, au mpe binti yako aulize, kuhusu yungiyungi la Rwanda, Nymphaea thermarum. Siku nyingine huwa kwenye maonyesho, siku nyingine huwa ndani. Hata usipoliona, nataka ulijue, maana kwa mtu wa kitalu sijui hadithi inayofundisha kuliko hii.

Ni yungiyungi dogo kuliko yote duniani. Jani lake laweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Mjerumani Eberhard Fischer alilikuta mwaka 1987 kwenye chemchemi ya maji ya moto huko Mashyuza, kusini magharibi mwa Rwanda, mahali padogo mno, likiota kwenye tope lenye joto pembezoni mwa maji. Miaka ikapita, maji ya chemchemi yakavutwa kwa matumizi ya watu wa hapo, tope likakauka, na kufikia 2008 likawa limetoweka pale. Mbegu zilizobaki zilikuwa kwenye bustani za mimea Ulaya, na kila zikiatikwa, miche ilichipua ikafa ikiwa na majani machache.

Carlos Magdalena yule yule ndiye aliyepewa mbegu hizo Kew. Akajaribu maji laini na maji magumu, joto zaidi na joto kidogo, kina hiki na kile. Miche ikaendelea kufa. Mayungiyungi mengine yote huanza maisha chini ya maji, na kila mtu alikuwa akiliatika hili vivyo hivyo. Akarudi kusoma tena maelezo ya mahali lilipookotwa: halikuwa ndani ya maji, lilikuwa kwenye tope. Akatambua kwamba mche huu unahitaji hewa ya kaboni dayoksaidi kwa wingi kuliko inayopatikana ndani ya maji. Akaweka vyungu vya udongo ili uso wa udongo ulingane na uso wa maji, joto likiwa nyuzi 25, na miche ikaanza kunenepa. Novemba 2009 likachanua.

Dada yangu, ukiwa na mbegu inayochipua na kukufia kila mara, usiongeze mbolea. Rudi pale mti mama unapoota. Angalia ni kivuli au jua, mchanga au mfinyanzi, maji yanasimama au yanapita, kuna majani yaliyooza au pametupu. Mkoko, mrihani na msaikadi kila mmoja ana jibu lake, na jibu liko chini ya mama yake.

Januari 2014 mtu aliingia katika jumba hilo hilo akaiba mche wa yungiyungi la Rwanda, mmoja kati ya michache iliyokuwapo duniani. Mwaka 2023 likaonekana tena Rwanda, karibu na pale pale lilipopotelea, na nilifurahi kama niliyepata habari ya ndugu. Nalitaja la wizi kwa sababu litanirudisha kwenye swali lako la mbegu.

Jumba la Temperate House, kubwa kuliko yote, liache kwa safari ya pili. Liko kusini, mbali na njia niliyokupangia, na mimea yake ni ya nchi za ubaridi wa wastani. Ukirudi siku nyingine, mtafute mle Encephalartos woodii. Huyo ni saikadi dume, aliokotwa mwaka 1895 katika msitu wa oNgoye, Afrika Kusini. Jike hajapatikana mpaka leo, na wote walioko duniani ni machipukizi ya dume yule mmoja. Pagoda ya mwaka 1762 itazame kwa mbali. Ngazi zake hazina huruma. Daraja la juu ya miti ni zuri, ila kwa magoti yako silipendekezi.

Kiingilio kwa mtu mzima wakati wa kiangazi hupita pauni 20, na huwa nafuu ukinunua mapema kwa mtandao kuliko getini. Lakini binti anaishi huko. Uanachama wa mwaka una aina inayomruhusu mwanachama kuingia na mgeni, na mkienda mara mbili au tatu mtakuwa mmeokoa. Mimi ningekushauri hivyo hasa kwa sababu ya magoti: siku mbili za nusu nusu zitakufaa kuliko siku moja ya kujikokota. Mfike saa nne asubuhi, milango inapofunguliwa, siku ya katikati ya wiki, maana Agosti shule zimefungwa na watoto ni wengi. Vaa nguo za tabaka. Nje panaweza kuwa na kibaridi hata Agosti, na dakika moja baadaye, ndani ya vioo, utataka kubaki na leso tu.

Sasa yale maneno ya maua ya Wazungu. Nakuelewa unapotoka. Kew haikukusanya mimea kwa mapenzi ya maua peke yake. Mwaka 1876 Henry Wickham alipeleka pale mbegu kama 70,000 za mpira kutoka Brazili. Nyingi zilikufa, kwa sababu mbegu ya mpira, kama ya mwarobaini unayoijua vizuri, haivumilii kukaa. Ikipita wiki chache imekwisha. Zilizochipua zilikuwa elfu mbili na zaidi, na miche ikasafirishwa Ceylon na Singapore. Mashamba ya Asia yakatokana na hiyo, na biashara ya mpira ya Brazili ikaanguka. Faida haikurudi kwa watu wa Amazon. Hilo nataka ulijue ukisimama mbele ya mti wa mpira mle Palm House, na usione haya kulisema.

Lakini ujue na hili. Kuanzia 1952 hadi 2012 Kew, wakishirikiana na wataalamu wa huku, walichapisha maelezo ya mimea ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania, aina 12,104, mmea mmoja mmoja. Mimea ya mwambao wetu imo. Sehemu nyingine ya kazi hiyo iko nyumbani: hazina ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki ilianzia Amani, Tanzania, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi 1950, na sasa iko Makumbusho ya Taifa ikiwa na sampuli kama milioni moja. Na utakapokuwa London, tazama madirisha ya nyumba za watu. Kile kimmea cha chunguni chenye majani ya manyoya na vijiua vya zambarau wanachokipenda sana, Saintpaulia, asili yake ni Usambara, alikokiokota Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, akakipeleka kwao mwaka 1892. Ndugu yake wa porini anaota kwenye majabali ya chokaa ndani ya Kilifi yetu, na ni wachache mno waliobaki. Watu wanamnunua dukani Ulaya, sisi tunachoma mawe yake kupata chokaa.

Swali la mbegu nimeliweka mwisho kwa sababu jibu lake ni gumu kumeza: usibebe. Bustanini hutachuma hata mbegu iliyoanguka chini. Na hata pakiti za dukani kwao, zenye picha nzuri, huruhusiwi kuziingiza Kenya mkobani hivi hivi. Mbegu, mche, kipandikizi au tunguu linahitaji kibali cha kuingiza kutoka KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, nacho hutafutwa kabla ya kununua, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Bila hivyo watakunyang'anya uwanjani.

Wewe hasa huna haja ya kuambiwa sababu. Mipapai ya Pwani ilipojaa unga mweupe kama pamba kuanzia mwaka 2016, matunda yakidondoka mabichi, yule alikuwa mdudu wa Amerika ya Kati aliyefika bila adui zake. Ilibidi baadaye waletwe nyigu wadogo wa kumshambulia. Mtu mmoja na mche mmoja hutosha kuanzisha balaa kama hilo.

Kama kuna mti uliouona Kew na huwezi kuusahau, andika jina lake la kisayansi, piga picha ya kibao na ya mmea mzima, ya jani kwa chini, na ya shina. Ukirudi, zipeleke KEFRI Gede. Huenda wanao mti huo au ndugu yake wa kienyeji, na mbegu zao zimepimwa na zinauzwa kwa haki. Ukikosa kwao, ndipo uandikie KEPHIS kuomba kibali, ukiwa na jina kamili mkononi.